Mtoto wa mwanajeshi afunzwe kuthubutu kwa busara

MTOTO anayelelewa na mwanajeshi huisikia hatari ikitajwa nyumbani mapema kuliko wenzake. Hata hivyo, kuisikia hatari si sawa na kujua namna ya kuikabili.

Suala hili si geni kwa wazazi wa Cheptiret, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Katika kaunti hiyo hiyo ya Uasin Gishu ndiko iliko kambi ya Moi Barracks pamoja na chuo cha kuwafunza makurutu wa jeshi.

Mnamo Januari 15, 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya iliyokuwa El Adde, Somalia. Wengi wa waliokuwemo walitoka kikosi cha tisa cha Kenya Rifles, chenye makao yake Moi Barracks. Ibada ya kuwakumbuka waliouawa ilifanyika kambini humo Januari 27.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mzazi aliyebaki nyumbani huku mwenzake akiwa vitani huielewa methali hiyo vyema. Ndiyo maana baadhi yao humzuia mtoto kuogelea, kusafiri na shule au hata kucheza mbali na nyumbani. Wengine huigeuza nyumba kuwa kambi, ambapo mtoto hupokea amri tu.

Njia zote mbili zina kasoro. Sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya vitendo huendelea kukomaa hadi mtu apitapo umri wa miaka 20, ilhali hamu ya mambo mapya na ya kusifiwa na marafiki hupamba moto katika ujana. Kijana asiyepewa nafasi ya kuthubutu mahali pema huenda akaitafuta kwenye chang'aa, kamari au mashindano ya pikipiki barabarani.

Hatari yenye manufaa ni ile ambayo kijana akishindwa ataumia kidogo lakini atajifunza mengi. Kuwania uongozi shuleni, kuimba mbele ya umati, kufuga kuku kwa akiba yake au kushindana na wakimbiaji hodari ni mifano michache. Katika eneo hili lililotoa mabingwa wengi wa riadha, mbio za nyika humfunza kijana kwamba anayeshindwa leo ana nafasi ya kujaribu tena kesho.

Zipo pia fursa rasmi. Tamasha za Muziki za Kenya zimekuwepo tangu 1927. Mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa 1966, huwapokea vijana wa miaka 14 hadi 24 na una ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Washiriki huhudumia jamii, hujifunza stadi, hufanya mazoezi ya mwili na kufunga safari ya kujasiri wakiwa kundi. Safari ya ngazi ya shaba huchukua siku mbili na usiku mmoja, na hurefuka kadiri mshiriki anavyopanda.

Mzazi aliye mwanajeshi ana la kufunza hapa. Askari hakurupuki, hufanya mazoezi, hukagua vifaa, hupanga njia ya kurudi na humtegemea mwenzake. Akimweleza mwanawe hayo, hata kwa simu akiwa mbali, kijana atatambua kwamba ushujaa ni maandalizi. Ni vyema pia akiri kwamba naye huogopa.

Iwapo kijana ameanza kujitia hatarini bila kujali maisha yake, hasa baada ya kufiwa au mzazi kurejea akiwa amebadilika, hilo si ujasiri bali ni dalili ya majonzi. Huyo anahitaji mshauri nasaha haraka, wala si adhabu.

Mtoto wa shujaa halazimiki kuwa askari. Anachohitaji ni kujaribu, kuanguka na kuinuka akijua kuna anayemngoja nyumbani.