Ata Hakuwa "Mama wa Nyumbani" Tu

Tulipomzika nyanya yangu kule Kerio, wasifu wake uliandikwa kwenye karatasi moja, ikachapishwa Lodwar. Mahali pa kazi wakaandika: mama wa nyumbani. Basi. Maisha marefu hivyo, maneno matatu. Sikumlaumu mtu, kwa sababu hata mimi sikuwa na la kuongeza. Na hiyo ndiyo iliniuma.

Sisi Waturkana nyanya tunamwita ata. Hebu tuongee kuhusu kazi ya ata.

Tuanze na hilo neno "nyumbani". Kwa Waturkana, nyumba hujengwa na mwanamke. Simaanishi anasaidia kujenga, namaanisha anajenga. Anakata fito, anazikunja, anazifunga, anaezeka kwa majani ya mkoma. Akai ni ya kulala, ekol ni ya kivuli cha mchana. Ndani ya boma la mume, yaani awi, kila mke ana ekal yake: watoto wake, vyombo vyake, na mifugo ya kukamua aliyogawiwa. Malisho yakiisha, yeye ndiye anabomoa, anapakia punda, na mkifika mbele anajenga tena. Mto ukikauka, anachimba mchangani mpaka maji yatoke. Huyo ni fundi, ni meneja wa chakula, ni mtu wa uchukuzi. Sisi tunamwita "housewife" na kusonga mbele.

Sasa cheki hii. Historia yetu yenyewe inaanza na mwanamke mzee. Masimulizi yanasema Nayeche alitoka kwa Wajie, upande wa Uganda, akashuka kutafuta matunda ya mwituni karibu na mto Tarach. Vijana waliokuwa wakifuata fahali aliyepotea wakamkuta huko. Akawaonyesha nchi yenye malisho, wakarudi kuwaita wenzao, na wengi wakahamia. Kilima cha Moru a Nayeche kina jina lake hadi leo. Na mto Tarach ndio huo unaopita Kakuma, mahali ambapo kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Yaani kabla ya mashirika yote, mtu wa kwanza kukaribisha wageni Tarach alikuwa shosho mmoja mwenye matunda.

Ata hakujua tarehe yake ya kuzaliwa. Miaka aliihesabu kwa ukame. Ule aliotaja sana ni Lopiar, wa karibu 1979 hadi 1981. Jina lenyewe linamaanisha kufagiwa kwa kila kitu. Mvua ilikatika, magonjwa yakaua mifugo, na baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, bunduki za kambi ya jeshi ya Moroto ziliporwa na uvamizi ukazidi. Familia nyingi zilibaki bila mbuzi hata mmoja, zikaenda kwenye kambi za chakula.

Vitabu vinasimulia kuhusu mifugo iliyokufa na misaada iliyokuja. Ata alisimulia kuhusu sufuria. Alikuwa anachemsha maji jioni ili watoto wasikie sauti ya kupika na walale. Walikula makoma, yale matunda magumu ya kutafuna hadi taya zichoke. Majani ya mti huohuo akasuka vikapu vya kuuza. Mamangu alikuwa mmoja wa wale watoto waliolala wakisikia maji yakichemka. Bila hiyo sufuria, mimi siko hapa nikiandika.

Ukienda Lodwar utaambiwa Jomo Kenyatta alizuiliwa pale kuanzia 1959 hadi 1961. Sawa, tumkumbuke, ni historia. Lakini hiyo ni nyumba moja, miaka miwili, na yeye hakuijenga. Ata alijenga nyumba ngapi maishani? Sijui. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na simu yenye kamera, nikarekodi densi za marafiki, na kwenye simu yangu yote nina sekunde 11 tu za sauti yake. Ananiuliza kama nimekula.

Wengine mtasema namsifu mwanamke kwa kuteseka. Hapana. Singependa dadangu achemshe maji matupu kudanganya watoto. Nasema tu kwamba kazi ikifanywa bila mshahara bado ni kazi, na ikiokoa watu basi ni historia.

Kwa hivyo leo, uwe Kakuma, Kitale ama Nairobi, na nyanya yako awe Mturkana, Mdinka au Msomali, mpigie. Usimuulize "habari ya huko" pekee. Muulize nyumba ya kwanza aliyoijenga ilikuwa wapi, na mwaka wa njaa walikula nini. Bonyeza kurekodi, halafu unyamaze.

Wasifu wa ata nimeuandika upya. Mahali pa kazi nimeweka: alijenga nyumba, na ndani yake tukaishi.