Askari Wazee wa Mwanza na Deni la Wadachi

Wengi katika wasomaji wetu wamepata kusikia kisa cha ufagio wa Mwanza. Kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho, watu wakacheka, na habari ikaishia hapo. Tumeona vema kukieleza tena polepole, pamoja na maisha ya watu waliokabidhiwa ufagio ule, kwa kuwa wengi katika askari wa Wadachi (ndivyo wazee wetu walivyowaita Wajerumani) walitoka Usukuma na Unyamwezi, wala hawakuwa wageni katika nchi hii ya ziwa.

Msafiri atokaye Mwanza kwenda kusini hufika Usagara, mji mdogo ambapo njia hugawanyika: moja yaendelea Shinyanga, nyingine yashuka ziwani Kigongo, na ng'ambo yake ni Busisi. (Usagara hii isichanganywe na ile Usagara ya upande wa Kilosa, ambako Karl Peters alipita mwaka 1884 akikusanya alama za wakuu juu ya hati zake.) Watu wa nchi hii na jirani zao Wanyamwezi walisifiwa tangu zamani za misafara kuwa wapagazi hodari. Kijana alikwenda pwani na mzigo begani, akarudi na nguo na maneno mapya. Basi Wadachi walipotafuta watu wa kushika bunduki, walikuta hapa watu waliokwisha kuizoea safari na kukaa mbali na kwao.

Jeshi lenyewe lilianza mbali. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliwaajiri Wasudani katika mji wa Cairo, akawaleta pwani kupigana na watu wa Abushiri. Wasudani hao walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, ambavyo asili yake ni Kituruki, na vyeo hivyo vikadumu hata baada ya wao kupungua na watu wa bara kujaza nafasi zao. Kwa hiyo Msukuma aliyeingia jeshini alikuta majina yamekwisha kumtangulia: ombasha, shaushi, bashaushi, soli, efendi. Amri za gwaride zilikuwa za Kidachi. Mazungumzo ya kambini yalikuwa ya Kiswahili. Kijana mmoja alisema Kisukuma kwa mama yake, Kiswahili kwa wenzake, akatamani cheo cha Kituruki, na mikono yake ikafundishwa Kidachi. Twaona jambo hili lastahili kukumbukwa na kila anayechunguza jinsi Kiswahili kilivyoenea bara, kwa maana boma la askari lilikuwa shule yake kabla shule nyingi hazijajengwa.

Mshahara wa askari ulikuwa rupia 20 kwa mwezi, au zaidi kwa mwenye cheo, nao ulimzidi mbali mtu wa kibarua cha shamba. Alikaa kambini na mkewe na watoto, naye alikuwa na watu wa kumtumikia. Hatuwezi kuyaficha yaliyobaki. Askari ndiye aliyekwenda na mtoza kodi. Ndiye aliyeshika kiboko siku ya hamsa ishirini, yaani viboko 25 ambavyo wazee walivikumbuka kwa jina hilo muda mrefu baada ya Wadachi kuondoka. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hata 1907, askari waliteketeza vijiji na ghala za chakula huko kusini, na njaa ikawaua watu wengi kuliko risasi. Mtoto wa nchi aliyevaa kofia ya Kidachi alirudi kwao mwenye heshima na mwenye kuogopwa, na si rahisi kusema lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kubwa zaidi.

Vita vya Wazungu vilipoanza mwaka 1914, jeshi lote la Wadachi katika nchi hii lilikuwa na kampani 14 na askari karibu 2,500. Kampani ya 14 ilikaa Mwanza. Mwezi wa Septemba mwaka huo askari wa upande wa ziwa walivuka mpaka wakapigana na Waingereza huko Kisii. Hata mwaka 1916 mambo yaligeuka: Waingereza waliteka kisiwa cha Ukerewe mwezi wa Juni, na tarehe 14 Julai waliingia Mwanza. Wadachi walikuwa na mzinga mmoja uliotolewa katika manowari Königsberg. Waliuharibu wenyewe, wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Nayo Tabora ilitwaliwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba.

Hapo kila askari wa Kisukuma alipaswa kuamua. Akifuata jeshi kusini, aliiacha nchi yake mikononi mwa adui. Wengi walitoroka wakarudi makwao. Wengine walitekwa, na katika mateka hao Waingereza wakapata askari wapya: kikosi cha sita cha King's African Rifles kiliundwa upya mwaka 1917, kikijazwa watu waliokuwa jana askari wa Wadachi. Waliobaki na jenerali Paul von Lettow-Vorbeck walivuka mto Ruvuma mwezi wa Novemba 1917, wakazunguka nchi ya Wareno karibu mwaka mzima, wakaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Walikuwa zaidi kidogo ya elfu moja. Walipelekwa Tabora wakawekwa kambini, na wengine waliopona risasi za miaka minne waliuawa pale na mafua makuu ya mwaka ule, wakingoja ruhusa ya kwenda kwao.

Fedha zilikuwa zimekwisha zamani. Askari walipewa vyeti badala ya mishahara, pamoja na ahadi. Katika miaka ya 1920 serikali ya Ujerumani ilituma fedha, na baadhi yao wakalipwa. Baadaye ikaja shida ya uchumi ya dunia, kisha vita vya pili, na malipo yakakoma. Kijana wa miaka 18 aliyejiandikisha mwaka 1914 alikuwa sasa mzee wa miaka 68, na cheti chake, kama alikuwa nacho, kilikuwa kimepita katika mvua za masika na mchwa wa nyumba za udongo miaka 46.

Ndipo mwaka 1964, mwaka ule ule aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani ya Magharibi likakubali kuwalipa askari waliosalia. Ubalozi wao katika Dar es Salaam ulifungua ofisi ya malipo ya muda mjini Mwanza. Wakaja wazee wapata 350. Wachache walikuwa na vyeti vya mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo zao za jeshi. Wengine walikuja mikono mitupu. Mtu wa benki aliyeleta fedha akapata shauri. Alimwita kila mzee mbele, akampa ufagio, akamwamuru kwa Kidachi atende mazoezi ya bunduki. Imeandikwa ya kuwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Waandishi wa Kizungu wamekifurahia kisa hiki, nao hukitoa kuwa ushahidi wa uaminifu wa askari kwa wakubwa wake. Sisi hatuoni hivyo. Mkono uliofundishwa kwa kiboko haukuhitaji mapenzi ili kukumbuka. Tena mtu anayefuata haki yake haonyeshi upendo kwa mdeni. Dawa ya deni ni kulipa, na wazee wale walikwenda Mwanza kutafuta dawa hiyo. Tukumbuke pia ya kuwa mwezi wa Januari mwaka huo huo vijana wa jeshi la Tanganyika waliasi huko Colito, na sababu mojawapo ilikuwa mishahara. Hakuna aliyesema ya kuwa wale walidai kwa sababu ya mapenzi.

Linalotusumbua zaidi ni lingine. Malipo yale yalikuwa ya askari. Kila jeshi lililopita katika nchi hii, la Wadachi, la Waingereza na la Wabelgiji, lilitembea juu ya mabega ya wapagazi, na kwa kila askari walihitajika wapagazi kadhaa. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu ya serikali yao yenyewe ilifika wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na chakula kibaya. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Ruga-ruga nao walipigana pembeni mwa kampani bila kufundishwa gwaride.

Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya mtu mmoja mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini yake tu. Katika Nairobi walimchonga naye, akasimama pamoja na askari. Dar es Salaam ilimpa jina badala ya sanamu: mahali walipokaa watu wa Carrier Corps palitamkwa na wenyeji Kariakoo, na sasa ni jina la soko. Mishahara ya wapagazi wengi waliofia njiani ilibaki katika hesabu za serikali bila kuwafikia jamaa zao.

Ikiwa katika wazee waliokwenda Mwanza mwaka 1964 alikuwamo mpagazi, bila shaka alirudi nyumbani bila kitu, maana ufagio ungemshinda. Angeweza kuinua mzigo wa ratili 60 na kuuweka begani bila kusaidiwa. Walakini hilo liliwezwa na karibu kila mwanamume wa umri wake kutoka Usagara hata Tabora.