Simiyu nako kuna ziwa

Wadau, ukitaja Simiyu wengi wanawaza pamba na ng'ombe wa Bariadi. Wanasahau Busega, ambako mkoa huu uliozaliwa 2012 unagusa Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria.

Injini ya kupachika nyuma ya boti ilipata umaarufu kwa Ole Evinrude wa Marekani, mwaka 1909. Huko wengi huifunga kwa starehe. Kwetu ilikuja kuvua, ikakuta mitumbwi iliyochongoka mbele na nyuma. Ikae wapi? Mafundi wakakata tezi, likawa bapa. Kwangu mimi hayo ndiyo mapinduzi, kuliko hata mashine yenyewe.

Miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vikashamiri Mwanza. Sangara akishavuliwa hangoji, hivyo mwendo ukawa pesa. Hata pangaboi lina hesabu yake: lenye mkunjo mkali hukimbiza boti tupu, lakini ukijaza nyavu na samaki mashine inahema.

Tatizo, kasia haliibiwi. Mashine inaibiwa, na majambazi wa ziwani huing'oa wakawaacha wavuvi katikati ya maji. Kwa hiyo ukiona watu wawili wanapandisha mashine toka mwaloni kwenda kulala nayo ndani, usicheke.