Skripti na dirisha la terminali katika Vim: jinsi zinavyofanya kazi

Msikilizaji, ukipiga *150*00# kuangalia salio la M-Pesa, unaandika namba, mtandao unajibu, unaandika nyingine. Ni mazungumzo ya maandishi matupu. Dirisha la terminali ni vivyo hivyo: unaandika amri, unabonyeza Enter, kompyuta inajibu.

Vim ni nini?

Vim ni programu ya bure ya kuandikia na kurekebisha maandishi. Ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023. Mwaka 1994 alijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, Rakai, kusini mwa Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mutukula. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi huko, kama ulivyofanya hapa Kagera. Hakuwauzia watu Vim. Aliomba aliyeridhika nayo awachangie watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi ombi hilo limeonekana mara kwa mara Vim inapofunguliwa bila faili.

Dirisha ndani ya dirisha

Toleo la 8.1, la Mei 2018, lilileta terminali ndani ya Vim yenyewe. Ukiandika :terminal, kioo kinagawanyika: upande mmoja maandishi yako, upande mwingine amri na majibu.

Skripti inafanya nini?

Skripti ni orodha ya maagizo ambayo programu inayafuata yenyewe, moja baada ya jingine. Tuseme una faili kahawa.txt lenye majina ya wakulima waliopeleka kahawa, nawe unataka yapangwe kwa alfabeti. Andika mistari hii miwili katika faili panga.vim:

let d = term_start('bash')
call term_sendkeys(d, "sort kahawa.txt\<CR>")

Mstari wa kwanza unafungua dirisha na kulipa jina d. Wa pili unaandika amri humo kwa niaba yako. \<CR> ni kubonyeza Enter. Ukiandika :source panga.vim, orodha iliyopangwa inatokea, na faili lako linabaki kama lilivyokuwa. Kesho huandiki upya, unaiita tena.

Je, lazima niwe na kompyuta?

Hapana. Kwenye simu ya Android, programu ya Termux inakupa terminali. Humo andika pkg install vim, na Vim inaingia. Baada ya kuipakua, mazoezi haya hayahitaji bando.

Chukua tahadhari

Skripti haifikiri. Inabonyeza Enter hata pale ambapo wewe ungesita. Amri ya rm hufuta faili, na terminali haina pipa la taka la kulirudisha. Ukiiruhusu Termux kugusa hifadhi ya simu, hata picha za familia zinaweza kwenda. Kwa hiyo:

- Usiendeshe skripti uliyotumiwa kabla hujausoma na kuuelewa kila mstari.
- Jaribu kwanza kwenye nakala ya faili, si faili lenyewe.
- Usiandike namba ya siri ndani ya skripti. Yeyote atakayelifungua faili hilo ataisoma.

Anza na mistari miwili. Ukiielewa vizuri, ongeza wa tatu.