King'amuzi Kimoja, Runinga Mbili: Namna ya Kuunganisha Runinga ya Zamani Katika Chumba cha Pili

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya utangazaji wa analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012, na maeneo mengine yakafuata kwa awamu. Tangu hapo, runinga za zamani, maarufu mitaani kama runinga za chogo, hazipokei matangazo ya digitali pasipo king'amuzi. Kaya nyingi zilizonunua runinga bapa zimehamishia ile ya zamani katika chumba kingine, na wengi hujiuliza iwapo ni lazima kununua king'amuzi cha pili.

Jibu ni kwamba si lazima, ilimradi mtumiaji akubali sharti moja: runinga zote mbili zitaonesha chaneli ileile. King'amuzi cha kawaida hutoa picha ya chaneli moja kwa wakati mmoja. Ikiwa wazazi wanataka taarifa ya habari huku watoto wakitazama katuni, king'amuzi cha pili hakikwepeki.

Kabla ya kununua waya wowote, tazama nyuma ya king'amuzi. Vingi vina tundu la HDMI kwa ajili ya runinga bapa, pamoja na matundu matatu ya AV: la njano kwa picha, jeupe kwa sauti ya kushoto na jekundu kwa sauti ya kulia. Katika baadhi ya ving'amuzi, matundu hayo matatu yamewekwa katika tundu moja dogo la duara linalohitaji waya maalumu. Runinga bapa ikitumia HDMI, matundu ya AV hubaki huru kwa runinga ya pili.

Tahadhari ya pekee inahitajika kwa tundu lililoandikwa "RF OUT" au "LOOP OUT". Katika ving'amuzi vingi vya antena, tundu hilo hupitisha tu mawimbi ya digitali kutoka kwenye antena kama yalivyoingia. Runinga ya chogo haiyaelewi mawimbi hayo, hivyo itaonesha chengachenga tu. Kwa sababu hiyohiyo, kugawa waya wa antena kabla haujafika kwenye king'amuzi hakusaidii.

Njia ya kwanza ni waya wa AV. Vyumba vinapopakana na umbali hauzidi mita 10 hivi, waya huo unatosha. Runinga yenye spika moja huunganishwa na tundu jeupe la sauti. Kama king'amuzi kina HDMI pekee, hutumika kigeuzi cha HDMI kwenda AV, ambacho kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 5.

Njia ya pili ni moduleta, kifaa kidogo kinachochukua picha na sauti kutoka kwenye AV na kuvirusha kama chaneli ya analojia kupitia waya wa antena. Hufaa pale umbali unapokuwa mrefu, au runinga inapokuwa ya zamani kiasi cha kukosa matundu ya AV. Tumia waya wa koaksia wa ohmu 75. Chagua kwenye moduleta chaneli isiyotumika, kati ya 21 na 69, kisha itafute kwenye runinga. Picha ikitokea bila sauti, badilisha mfumo kutoka B/G kwenda I, au kinyume chake; mifumo hiyo hutofautiana katika nafasi ya sauti, ambayo ni megahezi 5.5 kwa B/G na 6.0 kwa I.

Picha ikionekana imebanwa pembeni, badilisha umbo la picha kwenye menyu ya king'amuzi kutoka 16:9 kwenda 4:3. Ikumbukwe pia kuwa mionzi ya rimoti haipenyi ukuta. Aliye chumba cha pili atalazimika kwenda sebuleni kubadili chaneli, au kutumia kifaa cha kurefusha mawimbi ya rimoti.

Kwa upande wa usalama, wananchi wanashauriwa kuzima na kuchomoa vifaa vyote kwenye umeme kabla ya kuunganisha nyaya. Runinga ya chogo isifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Waya wa picha usifungwe pamoja na waya wa umeme, na wakati wa radi waya wa antena uchomolewe. Aidha, waya unaotoka kwenye moduleta usiunganishwe na antena ya nje, kwani utarusha mawimbi na kuingilia mapokezi ya majirani.

Maelezo haya yanahusu matumizi ndani ya kaya moja. Kusambaza matangazo ya kulipia kwa wapangaji wengine, majirani au wateja wa biashara ni jambo tofauti, linalotawaliwa na mkataba wa mtoa huduma na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Anayekusudia kufanya hivyo apate kwanza idhini ya wahusika.

Kabla ya kutoboa ukuta, weka runinga zote mbili karibu na king'amuzi na uzijaribu kwa waya mfupi. Zikifanya kazi pamoja hapo, kinachobaki ni kupima umbali na kununua waya unaotosha.