Sepetu ya Santa Cruz, Udongo wa Kitale

Mwaka 1967 Mwingereza mmoja, Alan Chadwick, aliyewahi kuigiza tamthilia za Shakespeare jukwaani, alifika kwenye kampasi changa ya Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz. Alikabidhiwa mteremko wa vichaka na udongo uliochoka. Hakuomba trekta. Alishika sepetu, akachimba tangu alfajiri hadi giza, na kesho yake akarudi. Wanafunzi waliopita njiani walisimama kumtazama, wengine wakateremka kumsaidia.

Kazi yenyewe ni hii. Unafungua mtaro wa kina cha sentimita 30. Chini yake hugeuzi udongo; unaulegeza kwa uma sentimita 30 nyingine. Udongo wa juu wa mtaro wa pili unajaza wa kwanza, hivyo hivyo mpaka tuta liishe. Kisha mboji, kisha miche iliyosogezwa karibu hata majani yakikua yanagusana na kuutilia udongo kivuli. Tuta halikanyagwi tena. Ukiisoma unaielewa mara moja, lakini mgongo huchukua wiki kadhaa kuielewa.

Chadwick hakuyabuni hayo. Mbinu aliichukua kwa wakulima wa mboga wa Paris wa karne ya 19, waliovuna mwaka mzima kwenye viwanja vidogo, kwa kuwa jiji la magari ya farasi halikupungukiwa samadi. Kwa mwanafalsafa Rudolf Steiner, aliyetoa mihadhara minane ya kilimo huko Koberwitz mwaka 1924, alichukua imani kwamba shamba ni kiumbe kimoja kinachojilisha.

Alikuwa mkali, na wanasayansi wa chuo hawakuelewana naye. Mapema miaka ya 1970 akaondoka. Hakuacha kitabu, aliacha watu. Mwaka 1975 uanagenzi alioanzisha bustanini ukawa mafunzo rasmi: miezi sita, kulala kwenye mahema shambani, kupikiana kwa zamu, kupanda, kuvuna na kuuza. Zaidi ya watu 1,500 wamepitia hapo.

Mwaka huohuo wa 1967, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba na mwanafunzi ajifunze kwa kulima. Wazo lilikuwa pana kuliko la Chadwick. Lakini tuliosoma shule hizo tunajua jembe liliishia wapi mara nyingi: adhabu ya mchelewaji, huku mwalimu amekaa chini ya mwembe na fimbo. Sioni kwamba kasoro ilikuwa kwenye waraka. Kule Santa Cruz aliyefundisha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia mtaroni, na mwanagenzi alimwiga mkono kabla ya kumsikiliza.

Mbinu hiyo ilifika Afrika Mashariki kwa njia ya mzunguko. John Jeavons, Mmarekani aliyejifunza kwa mwanagenzi mkuu wa Chadwick, alianzisha bustani ya majaribio Palo Alto mwaka 1972, akapima kila tuta linatoa kilo ngapi, na mwaka 1974 akachapisha mwongozo. Ndivyo hatimaye kilivyopatikana kitabu, cha mtu mwingine. Mwaka 1984, Kenya ikiwa katika ukame, kituo cha Manor House kilianza Kitale kufundisha vijana na wakulima wadogo mbinu ileile. Chadwick alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Kitale ilibidi mafunzo yajibu swali ambalo California halikuumiza sana: nani ana nguvu za kuchimba sentimita 60 baada ya kutwa nzima ya palizi kwenye mahindi? Swali hilo huulizwa zaidi na akina mama, na wana haki. Hujibiwa kwamba tuta lisilokanyagwa, lenye mboji ya kutosha, halihitaji kuchimbwa hivyo kila msimu. Baadaye hulegezwa juu tu. Kwa hiyo mafunzo huanza na tuta moja dogo karibu na jikoni, kwa sukuma wiki, na mengine yanangoja nguvu zipatikane.