Mwaka Ulioandikwa Kwenye Dola ya Ukumbusho

Dola ya ukumbusho ni sarafu halali ya serikali inayotolewa kuadhimisha mtu au tukio. Kwa Marekani, ya kwanza ilikuwa dola ya Lafayette, na hapo ndipo lilipoanzia tatizo linalomkabili hadi leo kila anayejaribu kutambua sarafu kama hiyo kwa picha: mwaka unaosomeka juu yake ni wa jambo linalokumbukwa, wala si lazima uwe mwaka iliyotengenezwa.

Machi 1899 Bunge la Marekani liliidhinisha sarafu 50,000 ili kuchangia sanamu ya Marquis de Lafayette, Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani katika vita vyao vya uhuru. Sanamu ilikusudiwa kusimama Paris wakati wa Maonyesho ya Dunia ya 1900, na wanafunzi wa shule za Marekani nao walikuwa wameichangia. Kiwanda cha Philadelphia kilianza kupiga chapa tarehe 14 Desemba 1899, miaka 100 kamili tangu kifo cha George Washington. Kwa hiyo “1900” inayoonekana kwenye sarafu ni mwaka wa sanamu. Uso mmoja una vichwa viwili vilivyopandana, Washington mbele na Lafayette nyuma yake. Wa pili una Lafayette juu ya farasi, na jina la mchongaji wa sanamu, Bartlett, limeandikwa chini ya kwato. Hiyo ndiyo sarafu ya kwanza ya Marekani kubeba sura ya rais wa nchi hiyo.

Ya kwanza ilipelekwa kwa Rais Émile Loubet wa Ufaransa. Zilizobaki ziliuzwa kwa dola mbili kila moja, bei iliyowashinda wengi, na takriban 14,000 zilirudi hazina zikakaa humo hadi zilipoyeyushwa mwaka 1945. Uhaba wa leo umetokana zaidi na uuzaji huo mbaya kuliko umri wa sarafu yenyewe. Hata iliyochakaa huuzwa kwa mamia ya dola, na safi kabisa hufika maelfu.

Hali ni tofauti sana kwa dola ya ukumbusho ya 1776–1976. Ina uso wa Rais Eisenhower uliochongwa na Frank Gasparro, na upande wa pili una Kengele ya Uhuru mbele ya mwezi, kazi ya mwanafunzi wa sanaa Dennis R. Williams. Ilitengenezwa mwaka 1975 na 1976 kwa maadhimisho ya miaka 200 ya uhuru, na hakuna dola iliyotolewa ikiwa na mwaka 1975. Anayeiona “1776” hudhani ameshika hazina ya kale, ilhali zilipigwa chapa zaidi ya milioni 100, na iliyotumika mitaani thamani yake haizidi sana dola moja.

Hata hivyo picha nzuri inaweza kufichua tofauti. Toleo la kwanza lina maandishi manene upande wa kengele, la pili lina membamba. Herufi iliyo chini ya shingo ya Eisenhower hutaja kiwanda: D ni Denver, S ni San Francisco, na ikikosekana ni Philadelphia. Toleo lenye asilimia 40 ya madini ya fedha lilitoka San Francisco likiwa na maandishi manene. S yenye maandishi membamba, basi, si ya fedha. S yenye manene bado haijathibitika, kwa kuwa zipo pia za shaba na nikeli. Hapo hutakiwa picha ya ukingo, ambako mstari mwekundu wa shaba huonekana wazi kwenye zile za kawaida, kisha mizani: gramu 24.59 kwa ya fedha, 22.68 kwa nyingine.

Pwani ya Afrika Mashariki iliujua mtego huu wa mwaka mapema. Riale ya Maria Theresa iliyotumika Zanzibar katika karne ya 19 iliandikwa 1780, mwaka aliokufa mtawala huyo wa Austria, nayo iliendelea kutengenezwa na mwaka uleule hadi karne ya 20, huko Vienna na baadaye Rome, London na Bombay. Tarehe yake haimwambii mnunuzi chochote kuhusu umri.

Jina la sarafu likishajulikana, bei huamuliwa na hali yake. William Sheldon alitunga mwaka 1949 kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti za kale za Marekani, na baadaye kikatumika kwa sarafu zote. Kwenye dola ya Lafayette, shavu la Washington ndilo huanza kulika, na hilo picha huweza kulionyesha. Kusuguliwa ni vigumu zaidi kugundua: mikwaruzo myembamba hupotea kwenye mwanga wa kamera, na mng'ao unaovutia kwenye picha mara nyingi ni wa sarafu iliyosafishwa, ambayo wakusanyaji huilipia pungufu. Mwanga wa pembeni huidhihirisha mikwaruzo hiyo. Ughushi nao huhitaji sarafu yenyewe mkononi: dola halisi ya Lafayette ina gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, vipimo ambavyo bandia nyingi huvikosa.